Msaada wakuu: faili la bachi la kufungua programu ya DOS ya marehemu mzee ndani ya DOSBox linanigomea

binti_kibirizi

Habari za saa hizi wakuu, na wa nyumbani mwakeye. Niko Kigoma mjini, naomba msaada kwa yeyote anayejua mambo ya DOS (mfumo wa kompyuta wa kabla ya Windows) na hizi emuleta, yaani programu za kuigiza kompyuta ya zamani, maana hii ni wiki ya pili nahangaika na kila nikiona nimekaribia inanigomea.

Stori iko hivi. Marehemu baba alikuwa mnunuzi wa dagaa pale Kibirizi, ananunua kwa wavuvi asubuhi, anaanika, anapakia kwenye treni kwenda Tabora na Dar. Mwaka 1994 kuna kijana alimtengenezea programu ya kompyuta ya kuweka hesabu zake, ni ile skrini ya bluu yenye maandishi meupe, hakuna mausi, unabonyeza namba tu. Humo kuna majina ya wavuvi, beseni ngapi kila mmoja kaleta, nani kakopa nyavu au mafuta ya karabai na kalipa kiasi gani, na kuna safu moja ina herufi G au M, yaani siku hiyo ilikuwa giza au mbalamwezi, kwa sababu mwezi ukiwa mkubwa taa haziwavuti dagaa na wavuvi wengi hawatoki. Baba aliandika mle mpaka 2003 kompyuta ilipokufa. Kabla haijafa kuna fundi alimnakilia kila kitu kwenye flopi, baadaye zikaenda kwenye CD, na mimi nimezitoa kwenye CD nikaziweka kwenye flashi. Mafaili yote yanafunguka, sijaona lililoharibika.

Sasa baba mdogo, ambaye alikuwa anafanya kazi na baba na bado ananunua dagaa mpaka leo, ana miaka 67, ameomba aione ile programu tena kwenye laptopu. Nilimwambia naweza kumtolea zile data nikamwekea kwenye eksel akakataa kabisa, anasema programu ya kaka yake anaijua kwa vidole, moja ni kupokea, tatu ni madeni, saba ni ripoti. Namuelewa. Nataka nimuwekee ikoni moja kwenye deskitopu, akibofya mara mbili iingie moja kwa moja, asikutane na mambo mengine yoyote.

Laptopu ni Windows 10 ya biti 64. Nikibofya DAGAA.EXE yenyewe inaniambia haiwezi kufanya kazi kwenye kompyuta hii. Nikasoma kwamba natakiwa DOSBox, nikaweka 0.74-3 kwenye C:\DOSBox, imefunguka vizuri, inaonyesha Z:\> afu inasubiri. Nikaandika faili la bachi (orodha ya amri zinazofuatana) hivi:

@echo off
C:\DOSBox\DOSBox.exe
mount c C:\dagaa
c:
anza

Nikibofya, DOSBox inafunguka lakini inabaki pale pale kwenye Z:\>, haifanyi chochote. Nikiifunga naona kidirisha cheusi kinapita haraka na maandishi siwahi kuyasoma. Basi nikajaribu kuandika zile amri kwa mkono mle ndani ya DOSBox, hapo programu ikaanza, nikaona jina la baba juu ya skrini, kwa kweli nilikaa kimya kidogo, lakini baada ya sekunde moja ikatoka na maneno open error C:\DAGAA\DATA\WAVUVI.DBF na DOS error 3. Na faili hilo lipo, naliona kwa macho yangu ndani ya DATA!

Kwenye folda ya programu kuna ANZA.BAT ya tangu enzi hizo, ndani imeandikwa:

C:
CD \DAGAA
SET CLIPPER=F40
DAGAA
CD \

Nimekosea wapi? Na je nibadilishe hiyo ANZA.BAT au niiache?

kobe_mwanga

Pole na hongera kwa kutunza mafaili ya mzee dada. Jaribu kuklik kulia kwenye DAGAA.EXE, ingia kwenye propati, kuna sehemu ya kuchagua iendeshwe kama Windows 95, weka tiki afu jaribu. Mimi gemu moja ilikubali kwa njia hiyo.

fundi_gungu

Kobe hiyo njia haitasaidia hapa kaka, inasaidia kwa programu za Windows za biti 32. Hii ni ya DOS, ni biti 16, na Windows ya biti 64 haina kabisa kile kipande cha kuendesha biti 16, kimeachwa nje tangu mwanzo, uweke tiki usiweke ni vile vile. Gemu yako lazima ilikuwa ya Windows. Kwa hiyo dada uko kwenye njia sahihi, DOSBox ndiyo yenyewe, na usiguse ANZA.BAT ya mzee hata herufi moja.

Makosa yako ni mawili na yote ni madogo, ila ukiyaelewa hutasumbuka tena na programu yoyote ya aina hii, kwa hiyo nivumilie nieleze kwa kirefu.

La kwanza. Hapa kuna kompyuta mbili. Moja ni laptopu yako yenye Windows, nyingine ni ile DOSBox, na hiyo ya pili ichukulie kama ni kompyuta nzima ya mwaka 1994 imekaa ndani ya dirisha, ina diski yake, ina kibodi yake, haijui chochote kuhusu Windows. Na kila moja ina msomaji wake wa mafaili ya bachi. Faili lako uliloandika linasomwa na Windows. Windows imefika mstari wa DOSBox.exe, ikaifungua, ikasimama inasubiri uifunge. Umeifunga, ikaendelea na mstari unaofuata, mount c, na Windows haina amri inayoitwa mount, ikalalamika, ndio yale maandishi uliyoona yakipita. Yaani ile mistari mitatu haikufika ndani ya emuleta hata siku moja. Siku nyingine ukitaka kusoma maandishi yanayopita hivyo weka neno pause mwisho wa faili, dirisha litakusubiri.

Amri za kuingia ndani lazima uzikabidhi kwa DOSBox wakati unaiita, kwenye mstari huo huo mmoja, kila amri na -c yake.

La pili, hiyo DOS error 3. Kwenye DOS error 2 ni faili halipo, error 3 ni njia haipo, yaani folda. Angalia wewe ulichofanya: umechukua C:\dagaa ukaifanya yenyewe ndio diski C ya ile kompyuta ya ndani. Sasa kwa ile kompyuta, DAGAA.EXE iko C:\ juu kabisa na DATA iko C:\DATA. Lakini programu ya mzee imeandikwa itafute C:\DAGAA\DATA. Kwa ile kompyuta hakuna folda ya DAGAA, wewe umesimama ndani yake. Dawa yake ni kumaunti folda inayoibeba, sio yenyewe. Tengeneza folda C:\dosi, hamishia dagaa nzima mle ndani, iwe C:\dosi\dagaa. Halafu faili lako liwe hivi, mstari wa pili wote ni mstari mmoja usikatwe:

@echo off
C:\DOSBox\DOSBox.exe -c "mount c C:\dosi" -c "c:" -c "cd \dagaa" -c "call anza.bat" -c "exit" -noconsole

Hiyo call ni ya muhimu sana, watu wengi wanaiacha. Kwenye DOS faili la bachi likiita jingine bila call halirudi tena, linaishia huko huko, kwa hiyo baba mdogo akitoka kwenye programu exit haitasomwa na ataachwa kwenye C:\> hajui afanye nini. Ukiweka call, ANZA ikiisha udhibiti unarudi, exit inasomwa, dirisha linajifunga lenyewe. Na -noconsole inaondoa lile dirisha la pili la maandishi ya DOSBox ambalo halina kazi kwa baba mdogo.

Usije ukamaunti C:\ yote ya laptopu. DOSBox yenyewe itakuonya ukifanya hivyo, na ina haki, kwa sababu programu ya zamani ikikosea kufuta itafuta vitu vya kweli. Ipe folda yake tu.

Majina ya folda yawe mafupi, herufi nane, bila nafasi. Ukiita folda "dagaa za baba" ile DOS ya ndani itaiona kama DAGAAZ~1 na programu haitaijua.

Ukimaliza bofya kulia kwenye faili la bachi, tengeneza shotikati, ipeleke deskitopu, kwenye propati zake chagua ifunguke ikiwa minimaizidi ili kile kidirisha cheusi kisionekane nyuma. Unaweza pia kubadilisha picha ya ikoni hapo hapo. Alt na Enter inajaza skrini nzima. Mausi ikinaswa ndani ya dirisha ni Ctrl na F10.

asali_tbr

Nathibitisha hilo la kumaunti folda ya juu. Mimi niko Tabora, nilikuwa na katalogi ya maktaba ndogo kwenye CDS/ISIS ya DOS, ile iliyokuwa inatolewa na UNESCO tangu 1985, maktaba nyingi za kwetu zilianzia hapo. Ile nayo ina faili linaitwa SYSPAR.PAR ambalo ndani yake zimeandikwa njia za folda za data na za menyu, ukiweka folda mahali tofauti na palipoandikwa inafunguka vizuri kabisa afu haioni kitabu hata kimoja. Nilikaa siku tatu nikidhani rekodi zimepotea, nikalia, kumbe zilikuwepo zote, nilikuwa nimemaunti folda isiyo yenyewe. Kwenye ISIS unaweza kusahihisha SYSPAR kwa sababu ni maandishi ya kawaida. Ya kwenu dada njia imo ndani ya EXE kwa hiyo huna namna, ifuate inavyotaka.

Na kitu kingine: kama menyu ya mzee ina sehemu ya kunakili kwenye flopi, itatafuta A: na haitaipata. Tengeneza folda C:\dosi\flopi uongeze -c "mount a C:\dosi\flopi -t floppy" kabla ya ile ya cd. Itaona ina flopi, itanakili mle.

binti_kibirizi

Asanteni sana jamani, sijui niwashukuru vipi. Fundi maelezo ya kompyuta mbili nimeyaelewa vizuri mno, hakuna mtu alikuwa amenieleza hivyo. Na asali ndiyo, namba tisa kwenye menyu ni nakala kwenye flopi, baba alikuwa anaifanya kila Jumamosi jioni, nimeongeza huo mstari.

Lakini bado haijakaa. Nilikuwa nasoma kwenye simu, nikakopi ule mstari nikautuma WhatsApp kwangu mwenyewe, nikaufungua kwenye laptopu nikapesti kwenye Word kwanza afu notpadi. Nikibofya DOSBox inafunguka inaniambia illegal command kwa vitu vya ajabu ajabu na herufi zisizosomeka. Pia faili langu lina ikoni ya karatasi badala ya ile ya gia, nikilibofya linafungua notpadi, nikalazimika kuliita kwa mkono.

fundi_gungu

Word hiyo. Inageuza alama za kunukuu zilizonyooka kuwa zile zilizopinda, kwa macho zinafanana ila kwa kompyuta ni herufi nyingine kabisa, haijui kama ni za kufungia amri. Futa zote uziandike upya kwa mkono ndani ya notpadi. Angalia na vile vistari kabla ya c, Word ikiona viwili inaweza kuviunga kuwa kimoja kirefu, navyo viandike upya.

Ikoni ya karatasi maana yake jina lako ni fungua.bat.txt, notpadi imeongeza txt na Windows inaificha. Kwenye dirisha la mafaili nenda View uweke tiki ya kuonyesha viambishi vya majina ya mafaili, utakiona, ukifute. Na wakati wa kuhifadhi chagua ANSI kwenye ile sehemu ya enkodingi, ukiweka UTF-8 yenye BOM (alama iliyofichwa mwanzoni mwa faili) mstari wa kwanza unakuwa na takataka mbele ya @echo na Windows inaulalamikia.

Kwa kweli ningekushauri uhamishie amri kwenye faili la conf, yaani la mipangilio ya DOSBox, huko huhitaji nukuu nyingi na unaweza kubeba kila kitu kwenye flashi. Fungua DOSBox andika config -writeconf dagaa.conf, itakutengenezea faili hilo lenye mipangilio yote. Lifungue kwa notpadi, nenda mwisho kabisa, kuna neno autoexec ndani ya mabano ya mraba. Chini yake andika:

@echo off
mount c dosi
mount a dosi\flopi -t floppy
c:
cd \dagaa
call anza.bat
exit

Hii mistari sasa inasomwa na kompyuta ya ndani, ile ya 1994. Halafu panga flashi yako iwe na folda DOSBox, folda dosi, faili dagaa.conf na faili fungua.bat vyote mahali pamoja, na fungua.bat iwe:

@echo off
cd /d "%~dp0"
DOSBox\DOSBox.exe -conf dagaa.conf -noconsole

Hiyo %~dp0 ni Windows kujiuliza mimi faili hili niko wapi, ikajibu kwa herufi ya diski na folda. Kwa hiyo leo flashi ikiwa E: kesho ikiwa G: haijalishi, inafunguka kwenye kompyuta yoyote bila kuweka chochote.

mzee_wa_klipa

Binti, nimesoma nimeguswa. Mimi ni mstaafu, nimeandika programu nyingi za namna hii kwa Clipper, lugha ya kutengenezea programu za kutunza data, miaka hiyo, nilianzia dBase III ile ya 1984 halafu nikahamia Clipper Summer 87 kwa sababu ilikuwa inakupa EXE moja unampa mteja bila yeye kununua dBase. Huyo kijana aliyemtengenezea baba yako alifanya kazi ya kweli, kuweka safu ya giza na mbalamwezi kunaonyesha alikaa na mnunuzi akamsikiliza.

Nina machache ya kuongeza kuhusu data yenyewe, kwa sababu wenzangu wamekueleza vizuri namna ya kuifungua, na mimi nina hofu na namna ya kuifunga.

Usimruhusu baba mdogo afunge kwa ule msalaba wa dirisha, hata siku moja. Faili la DBF, lile linalobeba rekodi, lina kichwa mwanzoni, na ndani ya hicho kichwa imeandikwa idadi ya rekodi zilizomo. Programu ikiwa wazi inashika baadhi ya mambo kwenye memori, ikifungwa kwa menyu yake ndipo inaandika idadi sahihi na kukamilisha indeksi. Ukiikata katikati, rekodi ulizoingiza zinaweza kuwa ziko kwenye faili lakini kichwa hakizihesabu, na kwa programu zinakuwa hazipo. Indeksi nazo, yaani faharasa za kutafutia, zile NTX, zinaweza kupishana na data, utatafuta mvuvi humuoni na yumo. Dawa ya indeksi ni rahisi, tafuta kwenye menyu neno kama panga upya faharasa na uiendeshe. Dawa ya kichwa ni kazi ya fundi. Afadhali akatoka kwa menyu kila mara, hapo mpe jukumu yeye mwenyewe, wazee tukielezwa sababu tunashika.

Ule mstari SET CLIPPER=F40 ni wa kuiambia programu inaruhusiwa kufungua mafaili mangapi kwa pamoja. Ukiufuta utakutana na DOS error 4, mafaili yamezidi. Fundi amekwambia usiguse, naunga mkono.

Tarehe. Programu ya 1994 ikionyesha mwaka kwa tarakimu mbili, angalia itafanya nini ukiingiza rekodi ya leo. Wengi wetu wakati ule hatukuweka SET CENTURY ON, amri ya kutumia mwaka wa tarakimu nne, kwa hiyo 26 inaweza kuchukuliwa ni 1926. Fungua, ingiza rekodi moja ya majaribio kwenye nakala, sio kwenye faili la asili, kisha toka ufungue ile DBF kwa LibreOffice Calc, inafungua DBF moja kwa moja, uone mwaka ulioandikwa. Kama ni 1926 basi programu ibaki ya kusoma ya zamani tu, za sasa msiziingize humo, mtachafua alichokiacha.

Baba yako aliandika mpaka 2003, kwa hiyo inawezekana mwandishi alilirekebisha hilo, lakini hakikisha kwa macho.

Na nakala. Sikubaliani na wale wanaonakili juu ya nakala ya jana, kwa sababu faili likiharibika leo jioni unaharibu na nakala yako kwa mkono wako mwenyewe. Zungusha mbili. Kwenye fungua.bat, baada ya mstari wa DOSBox, ongeza:

if exist nakala2 rmdir /s /q nakala2
if exist nakala1 ren nakala1 nakala2
xcopy dosi\dagaa nakala1 /e /i /y

Ile tabia uliyolalamikia mwanzoni, kwamba Windows inasubiri DOSBox ifungwe ndipo iendelee, hapa ndiyo inakufaa. Baba mdogo akitoka kwenye programu, nakala inajifanya yenyewe bila yeye kujua. Na nakala moja ya asili kabisa, kama ilivyotoka kwenye CD, iweke mahali pengine usiiguse tena.

kobe_mwanga

Nimejifunza kitu leo, asante mzee, shikamoo. Swali la nyongeza: akibonyeza ripoti ikataka kuprinti itakuwaje? Maana hizo programu zilikuwa zinaprinti kwenye zile printa za kelele zenye karatasi za matundu pembeni.

mzee_wa_klipa

Marahaba. DOSBox hii ya 0.74 haina printa kabisa, ilitengenezwa kwa ajili ya gemu na wenyewe hawakuona sababu. Programu itakwambia printa haiko tayari. Kuna toleo jingine la ndugu yake linaitwa DOSBox-X, lenyewe lina printa ya kuigiza, kwenye conf yake unaweka parallel1=printer na unachagua ukurasa utoke kama picha ya PNG au uende kwenye printa ya Windows. Amri za mount na autoexec ni zile zile, kwa hiyo kazi aliyofanya binti haipotei. Kama ripoti inatoka kwenye skrini tu na inatosha, asisumbuke.

fundi_gungu

Na kama ripoti ndefu inatambaa polepole, kwenye conf tafuta cycles, ndiyo kasi ya ile kompyuta ya ndani, uweke fixed 10000, ukiiacha kwenye auto programu kama hii inapewa 3000 ambayo ni kidogo. Usiweke max. Hizi Clipper zinapokaa zinasubiri kibodi zinazungusha tu prosesa bila kupumzika, ukiweka max laptopu itachemka na betri itaisha, na umeme wetu tunaujua. Unaweza kujaribu hapo hapo ikiwa wazi, Ctrl na F12 inapandisha, Ctrl na F11 inashusha.

binti_kibirizi

Shikamoo mzee, na wote asanteni. Narudi na majibu.

IMEKUBALI. Niliandika kila kitu upya kwa mkono kwenye notpadi kama fundi alivyosema, nikaweka kwenye flashi kwa ule mpangilio wa conf, nikabofya, ikaingia moja kwa moja kwenye menyu ya baba, hakuna error 3 wala nini. Wavuvi wote wamo. Nilipotoka kwa namba sifuri dirisha likajifunga na nikakuta nakala1 imejaa.

Tarehe nimepima kwenye nakala kama mzee alivyoelekeza, LibreOffice imeonyesha 1926. Kwa hiyo nimemwambia baba mdogo ya kusoma tu, na nimeziwekea zile DBF alama ya kusomwa tu... hapana, nilijaribu hivyo programu ikakataa kufunguka kabisa, nikaitoa. Nimeona bora niache kama ilivyo na nakala zizunguke.

Cycles nimeweka 10000, ripoti ya mwaka mzima inatoka nikihesabu mpaka nne.

Baba mdogo nimempelekea jana jioni pale Kibirizi, wakati boti zinajiandaa kutoka, ilikuwa siku za giza. Nilimfungulia laptopu juu ya ndoo. Alibofya mwenyewe, akasubiri, menyu ilipotokea hakuniuliza kitu, akabonyeza tatu, akaandika jina la mvuvi mmoja, likaja deni la mwaka 1999 la mafuta ya karabai, mbele yake imeandikwa SAMEHE. Akasema hilo analikumbuka, huyo mvuvi mtumbwi wake ulipinduka, baba akamfutia. Alikuwa hajui kama baba aliliandika.

Akaniuliza kama naweza kumuwekea maandishi makubwa zaidi. Nimeona kwenye conf kuna windowresolution na output, nimejaribu 1280x800 na output=opengl imekua vizuri, ila kama kuna mtu anajua namna ya kukoza zile herufi nyeupe kwenye bluu anielekeze, juani kule ufukweni hazisomeki vizuri.

asali_tbr

Rangi zimo ndani ya programu yenyewe dada, ila jaribu kwanza kuangalia kama menyu ina sehemu ya mipangilio yenye chaguo la monokromu, nyingi za Clipper ziliwekewa kwa sababu ya wale wenye skrini za rangi moja. Ikiwepo, nyeupe kwenye nyeusi itasomeka juani kuliko bluu. Kama haipo, weka machine=hercules kwenye conf uone kama inafunguka, baadhi ya programu zikiona kadi ya Hercules, ile ya skrini ya rangi moja, zinabadilika zenyewe. Jaribu kwenye nakala kwanza.

binti_kibirizi

Hercules imekubali, imetoka nyeusi na maandishi yanang'aa. Nampelekea Jumamosi.